Shikamoo ya Kichina ni ipi? Namna ya kumwita na kumwamkia Mchina

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nina miaka 27, nauza vigae Kariakoo, na mwezi ujao nakwenda Foshan, China, kwa mara ya kwanza kuchagua mzigo mwenyewe kiwandani. Nimejifunza Kichina miezi sita. Nǐ hǎo, hujambo, na xièxie, asante, nazijua, lakini naona haya kumwambia mtu mzima nǐ hǎo ileile ninayomwambia mtoto. Shikamoo yao ni ipi? Na nimwiteje meneja, dada wa mauzo, fundi anayepakia na mke wa mwenye kiwanda?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Neno moja la Kichina linalokaa mahali pa shikamoo halipo. Heshima ipo, tena nyingi, ila Mchina haiweki kwenye salamu. Anaiweka kwenye jina analokuita. Ukilishika hilo, mengine yote uliyouliza yatajipanga yenyewe.

Mtazame mtoto wa Kichina mgeni anapoingia nyumbani. Kwetu mama atasema, "Mwamkie shangazi." Mama wa Kichina anasema, "Jiào rén!", yaani "Ita mtu!" Mtoto anasema, "Āyí!", mama mdogo. Basi, ameshaamkia. Hakuuliza habari wala hakutakia heri. Kule kutamka kwamba wewe kwangu ni mama mdogo ndiko kuamkia kwenyewe. Mtoto asiyeita mtu anaonekana hakufunzwa, kama wetu anayempita mkubwa kimya. Shuleni ni vivyo hivyo. Mwalimu akiingia, darasa husimama na kusema kwa pamoja, "Lǎoshī hǎo!" Neno la kumwita mwalimu linatangulia, hǎo inafuata nyuma.

Kwa hiyo shikamoo yako ya kiwandani ina sehemu tatu: jina la ukoo, cheo, halafu nín hǎo. "Wáng jīnglǐ, nín hǎo." Meneja Wáng, hujambo. Nǐ hǎo unayoionea haya si tusi, lakini umeiona sawasawa: ikisimama peke yake mbele ya mtu mzima unayemjua jina, inakuwa kavu. Usingoje jibu maalumu kama marahaba. Atakujibu nín hǎo au nǐ hǎo, au ataitikia kwa kichwa na kukupa mkono, na hapo salamu imekwisha.

Hiyo nín ni "wewe" ya heshima. Ukiiandika kwenye simu utaona ilivyoundwa: 您 ni 你, "wewe", iliyokalishwa juu ya 心, "moyo". Inamfaa mtu unayemwona mara ya kwanza, aliyekuzidi umri, mteja, mwenye cheo. Beijing na kaskazini kwa jumla utaisikia kila dakika, hata kwa muuza matunda. Foshan iko Guangdong, kusini, na lugha ya nyumbani kule ni Kikantoni, ambacho katika kuzungumza hakitofautishi "wewe" ya heshima na ya kawaida. Ndiyo maana mzee wa Foshan anaweza kukwambia nǐ tangu mwanzo bila kukudharau hata kidogo. Wewe baki na nín. Ila ukikuta watu watatu mezani, usiseme nínmen. Kwa kuandika utaiona hapa na pale, lakini masikioni inakwaruza. Sema "gèwèi hǎo", hamjambo nyote, na umemheshimu kila mmoja.

Sasa jina lenyewe. Mchina hutanguliza jina la ukoo, na mara nyingi lina silabi moja: rais wa China, Xi Jinping, ukoo wake ni Xi, mcheza mpira wa kikapu Yao Ming ni Yao. Machache yana silabi mbili, kama Ōuyáng na Sīmǎ, na hayakatwi: Ōuyáng jīnglǐ, si Ōu jīnglǐ. Tatizo huja kwenye kadi ya biashara, kwa sababu baadhi yao, wakiandika kwa herufi za Kilatini kwa ajili ya wageni, hugeuza mpangilio na kuweka ukoo mwisho. Geuza kadi upande wa Kichina: herufi ya kwanza ndiyo ukoo, na hapo hapageuzwi. Kama huwezi kuisoma, uliza. Kumwita mtu "Meneja Jùnjié" kwa kuwa umeshika jina la mwisho ukidhani ni la ukoo ni kosa la wageni wengi, na Mchina mstaarabu hatakusahihisha, kwa hiyo utalirudia safari nzima.

Usimwite mtu jina alilopewa na wazazi wake. Wanaofungua mlango huo ni ndugu, wapenzi na marafiki wa karibu. Jina kamili, ukoo na jina pamoja, ni la wanafunzi wenzako na wafanyakazi wa rika moja. Kwa mkubwa ni kama kumwita kwenye mahudhurio. Na ukoo mtupu, "Wáng!", hauiti mtu. Kwetu tunaelewa vizuri mila hii, maana kuna nyumba nyingi ambako mkwe hatajwi jina hadi leo. Wachina waliifikisha mbali zaidi. Lango la kaskazini la kasri la wafalme mjini Beijing lilikuwa likiitwa Xuánwǔmén. Lilibadilishwa kuwa Shénwǔmén, jina lililopo mpaka sasa, kwa kuwa mfalme Kangxi jina lake la kuzaliwa lilikuwa Xuányè, na herufi ya jina la mfalme haikuruhusiwa kutamkwa wala kuandikwa na yeyote. Wafalme wameondoka, lakini kule kusita kutaja jina la mkubwa kumebaki mdomoni.

Ukifika, kabla hujamwita mtu lazima ujue ukoo wake. Swali la adabu ni "Nín guì xìng?" Guì ni "adhimu", xìng ni "jina la ukoo". Mwenye lugha ya kale kidogo atajibu "Miǎn guì, xìng Chén": ondoa huo uadhimu, mimi ni Chén. Wengi husema tu "Wǒ xìng Chén". Guì ni ya kumpa mwenzako, hujipi mwenyewe, kwa hiyo usiseme kamwe "Wǒ guì xìng…", na ukimuuliza mtu habari za mtu wa tatu, uliza "Tā xìng shénme?" bila guì. Ukitaka kujua na cheo kwa mkupuo mmoja, kuna swali lililo bora kuliko yote utakayokwenda nayo:

"Qǐngwèn, zěnme chēnghu nín?" Samahani, nikuite nani?

Anajibu: "Wǒ xìng Chén. Jiào wǒ lǎo Chén jiù xíng." Naitwa Chén, niite mzee Chén tu, yatosha.

Wewe: "Chén zǒng, nín hǎo! Hěn gāoxìng rènshi nín." Mkurugenzi Chén, hujambo! Nimefurahi kukufahamu.

Umeona ulichofanya hapo? Yeye alijishusha, wewe ukamrudisha juu. Lǎo ikiwekwa mbele ya ukoo ni ya watu wa rika moja waliozoeana, na xiǎo, "mdogo", ni ya mkubwa kumwita mdogo: xiǎo Chén. Kijana akimwita mwenye kiwanda lǎo Chén siku ya kwanza, hata kwa ruhusa, wafanyakazi wake watatazamana. Mwite Chén zǒng. Akirudia mara ya pili au ya tatu kwamba hataki cheo, shuka hadi Chén gē, kaka Chén, na uishie hapo. Angalia pia kwamba lǎo ikihamia nyuma ya ukoo, Chén lǎo, inakuwa kitu kingine kabisa: heshima kubwa ya wanazuoni na wasanii wazee sana. Kiwandani hutaihitaji.

Zǒng ni kifupi cha zǒngjīnglǐ, meneja mkuu, na katika biashara imeenea mpaka kila mwenye kampuni, mkurugenzi au mkuu wa idara anaitwa hivyo. Jīnglǐ ni meneja. Dada wa mauzo anayekuandikia kila siku, huenda kadi yake haina umeneja wowote. Mwite Lǐ jīnglǐ hata hivyo. Kumpandisha mtu ngazi moja ni adabu, kumshusha ni kosa, na hapo pana sheria ndogo inayofaa kukumbukwa. Naibu kwa Kichina ni fù: fù jīnglǐ, naibu meneja. Ukimwita, fù inadondoka. Naibu meneja Wáng huitwa Wáng jīnglǐ, kwa sababu kumkumbusha mtu unaibu wake kila unapofungua mdomo hakupendezi. Neno hilo linarudi pale tu unapowatambulisha rasmi, au meneja mwenyewe akiwa amekaa hapohapo, ili pasije pakatokea mkanganyiko. Tena upo ukoo unaotamkwa Fù vilevile, kwa hiyo ukimwambia mwenye ukoo huo "Fù zǒng", anasikia "Naibu Mkurugenzi". Ukikutana naye, Fù xiānsheng, Bwana Fù, ni salama zaidi.

Fundi wako ana neno tamu, na Mswahili halimpi shida: shīfu. Ni "fundi" yetu hasa, kwa upana wake wote. Dereva wa teksi ni shīfu, wa foklifti ni shīfu, anayepanga maboksi ndani ya kontena, anayekata vigae, mpishi, fundi bomba. Ukiujua ukoo wake, Liú shīfu. Usipoujua, shīfu peke yake inatosha, awe mwanamume au mwanamke. Kama ambavyo kwetu hatumwiti mhasibu "fundi", nawe usimwite mtu wa ofisini shīfu. Mwenye duka au kibanda, kama katika soko kubwa la Yiwu ukifika huko, ni lǎobǎn, "tajiri", naye atakuita wewe lǎobǎn hivyohivyo. Mwanamke mwenye duka, au mke wa mwenye duka, ni lǎobǎnniáng.

Hapo ndipo lilipo jibu lako la mke wa mwenye kiwanda, na jibu halikomei kwenye neno hilo. Wanawake wa China hawabadili ukoo wakiolewa. Mke wa Chén zǒng huenda ni Bi. Huáng, na viwandani mara nyingi ndiye anayeshika hesabu. Ukimwita Chén tàitai umemtaja kama mke wa fulani. Katika chakula cha jioni cha familia haina ubaya, lakini ofisini mbele ya ankara unamfuta cheo chake. Muulize ukoo wake, kisha mwite Huáng zǒng, au Huáng jiě, dada Huáng, mkishazoeana. Kwa barua na kwa mwanamke yeyote usiyemjua cheo, nǚshì ndiyo "Bi." isiyokosea: Huáng nǚshì.

Lipo neno moja ambalo vitabu vya zamani vya Kichina hulifundisha na ambalo litakuaibisha: xiǎojiě, "bibie". Hong Kong, Taiwan na Singapore linatumika bila doa. China bara, hasa likitamkwa peke yake kumwita mhudumu wa hoteli au wa baa, limekuwa jina la wanawake wanaouza miili yao. Mhudumu wa mgahawa mwite fúwùyuán. Mitaani Guangdong utasikia liàngnǚ na liàngzǎi, "mrembo" na "mtanashati", hata kwa muuza tambi na mteja wake. Nawe utaitwa hivyo, na hakuna anayekutongoza. Tóngzhì, "ndugu" ile ya siasa, iachie Chama cha Kikomunisti: iliwahi kuitwa kwa kila mtu kama "ndugu" ya miaka ya Ujamaa, imebaki katika shughuli rasmi za kichama na kiserikali, na kwa vijana ina maana ya mtu mpenda jinsia yake.

Kwenye majina ya undugu ndipo Mswahili anapojiona yuko nyumbani, na kujiona nyumbani kunaponza. Wachina, kama sisi, wana baba mkubwa na baba mdogo: bóbo na shūshu. Mjomba ana neno lake, jiùjiu, na shangazi lake, gūgu. Lakini kwa watu baki yanatumika machache tu. Mwanamume wa umri wa baba yako ni shūshu. Akiwa mkubwa kuliko baba yako, bóbo. Jiùjiu haiitwi mtu wa njiani. "Mjomba" yetu ya kumwita muuza samaki haina mwenzake. Hatari zaidi ni āyí. Kwetu, kumwita mwanamke wa miaka 35 "mama" ni kumpa heshima yake. Kichina kinahesabu kinyume: ukimwita āyí umemwambia kwamba amezeeka, na isitoshe āyí ndilo jina la mfanyakazi wa nyumbani na mfagiaji wa hoteli. Wewe una miaka 27. Mwanamke yeyote asiyefikia umri wa mama yako ni jiě, dada. Ukisita kati ya jiě na āyí, chukua jiě. Heshima ya āyí ni ya mama wa rafiki yako, pale nyumbani kwao, na hapo usiikose.

Tuje kwenye maneno ya adabu yenyewe, maana hapa makosa ya Waswahili yanafanana sana. Yanatoka kwenye Kiswahili moja kwa moja.

La kwanza ni "karibu". Mtu akikwambia xièxie, ulimi wako utataka kujibu huānyíng, kwa kuwa kwetu asante hujibiwa karibu. Kwa Kichina huānyíng ni ya kumpokea mgeni mlangoni tu. Asante hujibiwa bú kèqi, búyòng xiè, au kwa wepesi méi shì, "si kitu".

La pili ni "pole". Hakuna neno moja linalobeba pole zote. Pole na kazi ipo, na ni nzuri mno: xīnkǔ le. Fundi akimaliza kufunga kontena, mwambie "Shīfu, xīnkǔ le", na utamwona uso ukifunguka. Lakini mtu akijikwaa mbele yako, usiseme duìbuqǐ ukidhani unampa pole. Duìbuqǐ ni kukiri kosa. Atashangaa umemfanya nini. Sema "Méi shì ba?", hujaumia? Kwa mgonjwa, "Hǎohǎo xiūxi", pumzika vizuri, au "Bǎozhòng", jitunze. Duìbuqǐ yenyewe iweke kwa kosa la kweli. Ukipita mbele ya mtu, ukichelewa dakika mbili, ukiomba chumvi, samahani yake ni bù hǎoyìsi, ambayo kwa maana ya undani ni "naona haya".

La tatu ni "tafadhali". Kitabu kinasema qǐng, na kweli ipo: qǐng jìn, karibu ndani, qǐng zuò, keti. Lakini ni ya mwenye nyumba kumkirimu mgeni, au ya tangazo ukutani. Ukiitia mbele ya kila ombi unasikika kama kipaza sauti cha stesheni. Hata sisi hatusemi "tafadhali nipe maji", tunasema "naomba maji". "Naomba" ya Kichina ni máfan nín, "nakusumbua", na ulaini wake uko mwishoni, katika yíxià, "kidogo". "Máfan nín bāng wǒ kàn yíxià zhè ge yàngpǐn": naomba uniangalizie kidogo sampuli hii. Ondoa máfan nín na yíxià, yanayobaki ni amri.

Na qǐngwèn, ya kutanguliza swali, itamke kwa uangalifu. Q isikike karibu na ch ya "chini" kwa midomo iliyotandazwa, na wèn ishuke ghafla, kama mtu anayekata neno. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ikikosewa, wèn ikaanguka na kupanda tena, umesema wěn, yaani umemwambia asiyekujua: tafadhali busu. Rekodi sauti yako kwenye simu, ilinganishe na ya mwalimu wako mpaka zifanane. Maneno mengine ukikosea toni utaeleweka kwa muktadha. Hili, muktadha haukusaidii.

Ukisifiwa Kichina chako, na utasifiwa hata kwa maneno mawili, vitabu vitakwambia ujibu "nǎli nǎli". Inaeleweka ila imechakaa. "Hái chà de yuǎn ne", bado niko mbali, inakaa vizuri, au xièxie kwa tabasamu. Kanuni ni ileile ya guì: cha mwenzako kipande, chako kishuke. Kampuni yao katika barua ni guì gōngsī. Yako ni wǒ gōngsī au, kwa unyenyekevu wa kizamani, bì gōngsī. Baba yake ni lìngzūn, wako ni jiāfù. Haya mawili ya mwisho uyajue ukiyasikia, usiyatafutie nafasi. Mwanafunzi wa miezi sita anayesema lìngzūn kisha akakosa neno la "boksi" anachekesha bila kutaka. Kuyachanganya, ukamwita baba yako mwenyewe lìngzūn, ni vibaya zaidi kuliko kusema tu wǒ bàba.

Mezani utahitaji sentensi moja zaidi ya zote, hasa kama hunywi pombe. Mwenyeji atakuonyesha kiti. Ngoja uonyeshwe, maana kinachotazama mlango ni cha mgeni wa heshima au cha mwenyeji mkuu. Kisha atainua glasi kukutakia heri. Usikatae kwa kufunika glasi kwa kiganja. Inua kikombe chako cha chai kwa mikono miwili na useme: "Chén zǒng, wǒ yǐ chá dài jiǔ, jìng nín." Naiweka chai mahali pa pombe, kwa heshima yako. Ni usemi wao wenyewe, umekubalika, na hakuna atakayekulazimisha baada ya hapo bila kujivunjia adabu. Mkigonganisha, ukingo wa kikombe chako uwe chini kidogo ya wake. Naye atashusha chake. Shusha tena kidogo, mwachie hapo, msifike mezani. Akikumiminia mtu chai ukiwa katikati ya maneno, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili. Hiyo ni asante ya Guangdong, na haikatizi mazungumzo.

Ukipeleka zawadi, toa na upokee kwa mikono miwili, kadi ya biashara vilevile. Kahawa, karafuu, kanga, vyote vizuri. Usibebe zile saa za ukutani zenye ramani ya Afrika: "kutoa saa", sòng zhōng, kunasikika sawasawa kabisa na kumhudumia mzazi katika saa yake ya mwisho. Unayempa zawadi akisema hapana mara ya kwanza na ya pili, mpe mara ya tatu.

Kuagana kunafanana na kusindikiza kwetu. Mwenyeji atatoka nawe mpaka mlangoni, mpaka lifti, pengine mpaka kwenye gari, akisema "màn zǒu", nenda polepole. Haimaanishi una haraka. Wewe umzuie: "Qǐng liúbù", simama hapo hapo, au kwa kawaida zaidi "Bié sòng le", usinisindikize tena. Ataendelea kuja. Sema tena. Gari lako likiondoka, atakuwa bado amesimama anapunga mkono. Teremsha kioo, nawe upunge mpaka upinde kona.

Ukirudi Dar, uhusiano utaendelea kwenye WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, nako kuna adabu zake. Usianze kwa "Zài ma?", upo?, halafu ukangoja. Inamwacha mtu akijiuliza unataka nini. Andika salamu na shida yako kwenye ujumbe mmoja: "Lǐ jīnglǐ, nín hǎo! Xiǎng máfan nín…" Ujumbe mrefu wa sauti usimtumie aliyekuzidi cheo, maana unamlazimisha asikilize wakati anaweza kusoma kwa sekunde tatu. Ukipokea maelekezo jibu "Shōudào", nimepata, au "Hǎo de". Ile "Ò" peke yake inasikika kama mtu aliyegeuza uso. Kicheko cha maandishi ni hāhā. Hēhē ni kicheko cha dharau kwa vijana, na ile emoji ya uso wa njano unaotabasamu kwa mdomo uliofungwa wengi wao wanaisoma kama kinyongo kilichofichwa. Tumia ya kucheka waziwazi au ya kikombe cha chai.

Barua pepe rasmi inaanza na "Zūnjìng de Chén zǒng" na nukta mbili, mstari unaofuata "Nín hǎo!", kisha hoja. Inafungwa kwa "Cǐzhì" na, kwenye mstari mpya unaoanzia ukingoni kushoto, "Jìnglǐ!" Kwa wafanyabiashara, "Shùn zhù shāng qí", nakutakia na heri ya biashara, inapendeza zaidi.

Limebaki moja ambalo hukuuliza: wao wakuite nani? Jina lako refu la Kiswahili litawapa shida, na wasipopewa njia watakuita "Fēizhōu kèhù", mteja wa Afrika. Chagua sehemu moja ya jina, yenye silabi mbili au tatu, iandike kwa herufi kubwa kwenye kadi yako, na baada ya kumwita yeye vizuri, mpe na lako: "Jiào wǒ…", kisha jina lako, kisha "jiù xíng." Watu wa rika lako watalishika. Chén zǒng, akiwa mtu wa kizamani, ataongeza nǚshì nyuma yake, mwachie, usimzuie.